Ardhi Karimu ya Sitiri

Mgeni anayeingia Sitiri haulizwi ametoka wapi wala anakwenda kwa nani. Anaulizwa kama ana marehemu. Siwema, aliyekuwa ameitwa na serikali ya nchi hiyo kuja kuipima ardhi yao, alijibu kwamba anamshukuru Mungu, wote aliowaacha nyumbani walikuwa wazima. Ofisa wa mpakani, mwanamume mpole mwenye kanzu nyeusi iliyonyooshwa kwa pasi, akalitazama ganda la ndizi lililokuwa mkononi mwa Siwema.

"Na huyu?"

"Hili ni ganda tu, kaka."

"Pole sana," akasema ofisa, akavua kofia.

Ganda likapokelewa kwa mikono miwili na kufukiwa mchangani nyuma ya ofisi. Ofisa akasema maneno machache juu ya utamu wa ndizi ile na uvumilivu wa ganda lake, kisha watu wanne wasiomjua Siwema wakapanga foleni kumpa mkono wa pole. Ndipo alipoelezwa sheria. Katika nchi ya Sitiri kitu kisichotakiwa tena hakitupwi, hufariki. Kikishafariki huzikwa, na kikishazikwa huwa marehemu kama marehemu wengine, na marehemu hasemwi vibaya. Anayemsema vibaya, au anayeuliza swali lenye harufu ya kumsema vibaya, hupelekwa Nyumba ya Kimya akajifunze adabu.

"Hata ganda la ndizi?" akauliza Siwema.

"Hasa ganda la ndizi, dada. Wakubwa wana watu wa kuwatetea."

Siwema alikuwa mwanamke wa makamo, si mwepesi wa kucheka wala wa kukasirika. Kazi yake ilikuwa kuitazama ardhi na kusema uchafu ukimwagwa juu utachukua muda gani kuyafikia maji yaliyo chini, na kama utafika na ukali wake wote au umechoka. Kwa hiyo alitaka kujua mambo ya kawaida kabisa: maji yako kina gani, kati yake na jua kuna mchanga au mfinyanzi, mvua ikinyesha inasimama au inazama. Na mwisho alitaka kujua juu kumewekwa nini. Hilo la mwisho ndilo lililomfanya aifikirie ile kanzu nyeusi njia nzima mpaka mjini.

Sitiri haina mto. Ni uwanda wa mchanga wenye watengeneza ngozi, watia rangi za nguo na wakulima wa pamba, na wote hunywa maji ya visima. Visima vilikuwa vinne. Vitatu, kama alivyoelezwa na Bwana Fumbwe, Waziri wa Maziko, vilikuwa vimepumzika.

"Vimepumzikaje, Mheshimiwa?"

"Vilifanya kazi kubwa, mama. Kila kitu huchoka."

Cha nne kilikuwa kimeanza kukauka. Serikali ikaamua kuchimba cha tano, na katiba ya Sitiri inasema kisima hakichimbwi mpaka mgeni aiseme ardhi, kwa kuwa mgeni hana ndugu aliyezikwa humo na hawezi kupendelea. Siwema aliiona sheria hiyo kuwa ya busara. Baadaye aligundua kwamba mgeni anatakiwa aseme tu. Kusikilizwa hakumo katika katiba.

Alipewa chumba nyumbani kwa Bi Kasole, msifu mkuu wa nchi. Hakuna mazishi makubwa yaliyofanyika Sitiri bila Bi Kasole kusimama na kutoa wasifu wa marehemu, awe mtu, awe kapeti, awe pipa la maji ya kulainishia ngozi. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, na hakuhitaji kuandika chochote. Sifa alizokwisha kuzitoa zilikaa kichwani mwake zote. Aliishi na binti yake, Mwanuri, aliyekuwa na mimba kubwa na miguu iliyovimba.

"Shikamoo, Bi Kasole," alisema Siwema siku ile ya kwanza. "Naona nyumba inatarajia mgeni mwingine."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo. Huyu ni wa pili." Bi Kasole aliendelea kuchagua mchele kwenye ungo. "Wa kwanza alikuwa mtoto mwema sana. Alionjeshwa kijiko cha maji ya kisima cha tatu siku ya kupewa jina, kama desturi. Kisha ziwa la mama likakauka, tukamnywesha uji wa maji hayohayo. Midomo ikawa ya buluu, na kucha zikawa za buluu, akaenda zake. Kisima nacho kikapumzika baada yake. Wote wawili walikuwa wema."

Mwanuri akainuka akaingia ndani. Siwema alimsindikiza kwa macho. Alikuwa ameshasikia habari za watoto wa buluu katika nchi nyingine na alijua chanzo chake ni maji yaliyofikiwa na uchafu wa vyoo, lakini hakuwahi kuzisikia zikisemwa kama mtu anayemsifia jirani.

"Na huyu anayekuja?"

"Huyu ataonjeshwa maji ya kwanza ya kisima kipya. Wameshamchagua. Ni heshima kubwa, wameniletea na khanga." Bi Kasole akaokota jiwe mcheleni, akalitazama, akaliweka kando kwa ajili ya mazishi.

Kesho yake Waziri alimpeleka Siwema mahali palipokwisha kuchaguliwa. Paliitwa Uwanja wa Heshima. Palikuwa tambarare, peupe, mchanga mlaini hata viatu vilizama, na kila baada ya hatua kadhaa palikuwa na kilima kidogo kilichopambwa kwa maua ya karatasi. Pamoja nao walikuja maofisa wachache na Wakili Sangoda, mwanamume mwembamba aliyekuwa Mwanasheria wa Marehemu, anayewatetea wote waliolala humo.

Siwema alitoa vyombo vyake. Alichukua kopo kubwa lisilo na kitako, akalididimiza mchangani, akamwaga maji ndani. Maji yakazama kabla Waziri hajamaliza kumjulia hali. Maofisa wakapiga makofi.

"Mnapiga makofi kwa nini?"

"Ukarimu, mama," alisema Waziri Fumbwe, na macho yake yalikuwa na fahari ya kweli. "Hii ndiyo ardhi karimu kuliko zote nchini. Ukiipa kitu, inapokea papo hapo. Haiulizi. Haikurudishii usoni. Ndiyo maana wakubwa wote wanazikwa hapa, na ndiyo maana tunataka kisima kiwe hapahapa. Ardhi inayopokea vizuri haiwezi kutoa vibaya."

Siwema akaingiza keekee yake ndefu ya kutobolea udongo. Haikumsumbua, aliizungusha kama anayesonga ugali, na akiwa hajatokwa na jasho akaivuta ikiwa na mchanga mbichi unaochuruzika. Maji yalikuwa karibu mno. Mchanga mtupu toka juu hadi chini, wala hapakuwa na hata unene wa kiganja wa mfinyanzi wa kuyakinga.

Akaomba aonyeshwe mahali pengine. Kwa shingo upande wakampeleka kwenye mwinuko ulioitwa Mabahili, nje ya mji, mahali ambapo hakuna aliyejenga wala aliyezikwa. Udongo ulikuwa mfinyanzi mweusi, mgumu, uliopasukapasuka juu. Alimwaga maji kwenye kopo na yakasimama. Wakangoja. Nzi mmoja akaja kunywa. Maofisa wakatazama pembeni, na Waziri akamwomba radhi mgeni kwa niaba ya udongo.

"Hapa ndipo pazuri," alisema Siwema.

Wakadhani anawafariji.

"Nasema kweli. Huku chini maji yapo, ila yako mbali, na huu mfinyanzi ni mlango uliofungwa. Kule Uwanjani hakuna mlango. Sasa niambieni jambo moja ili nimalize kazi yangu. Kule Uwanjani mmezika nini?"

Wakili Sangoda akakohoa taratibu. "Mgeni anasamehewa mara moja," alisema. "Swali hilo limezikwa. Natumaini halitafufuka."

Siwema alirudi nyumbani na tatizo lake. Aliijua ardhi, aliujua udhaifu wake, lakini hakujua kilicholala juu ya udhaifu huo, na sheria ilikataza kuuliza. Alikaa barazani akimtazama Bi Kasole akichambua mchicha. Mwanuri alikuwa amelala kwenye mkeka, mkono juu ya tumbo, na tumbo lilikuwa likichezacheza.

"Bi Kasole," alisema Siwema, "nimepita Uwanjani leo nikajiona sina adabu. Nimekanyaga juu ya wakubwa bila kuwajua. Ningependa kusikia sifa zao."

Bi Kasole akaacha mchicha. "Hutaki kusikia ubaya?"

"Ubaya wa nini? Nataka sifa tu."

Yule mama akajifuta mikono. Kisha akajifunika khanga kichwani, kama afanyavyo makaburini, na akaanza kwa ile sauti yake ya chini.

"Upande wa mashariki amelala Dawa ya Pamba, na nduguze wengi, kila mmoja katika pipa lake. Alikuja ujanani kutoka ng'ambo. Aliua viwavi, akaua panzi, akaua na nyuki ambao hakutumwa. Hakuna mdudu aliyemjua akarudi kusimulia. Alizeeka, serikali ikasema apumzike. Pipa alilolazwa aliliona dogo, na kabla ya arobaini alikuwa ameshalitoboa. Hakupenda kufungiwa, marehemu.

"Katikati amelala Maji ya Ngozi. Huyu alikuwa na bidii. Ngozi ya ng'ombe mzima aliilainisha, na vidole vya waliomhudumia pia. Rangi yake ilikuwa kijani, na tulipommimina kaburini hatukuhitaji kumsukuma. Alikwenda mwenyewe.

"Upande wa magharibi, karibu na kisima cha tatu, wamelala Wazee wa Vyooni, ambao mji mzima uliwachangia. Hao sifa yao ni upendo. Hawakukubali kukaa mbali na watu."

Aliendelea mpaka mchicha ukanyauka. Alijua kila mmoja alizikwa upande gani, kwa wingi gani, alikuwa mkali kwa nani, na mvua ya kwanza baada ya mazishi yake ilinyesha vipi. Siwema alichora. Alitia wekundu mahali ardhi ilipokuwa karimu, na juu ya wekundu akaweka nukta nyeusi kwa kila msifiwa. Uwanja wa Heshima ukawa mweusi tii. Mwanuri hakuwa amelala. Alikuwa amefumbua macho akiisikiliza ile sauti, na Bi Kasole alipofika kwa Wazee wa Vyooni, binti alijigeuza akaelekea ukutani.

Baraza lilikutana katika ukumbi uliojengwa kwa ajili ya hitima. Siwema aliitundika ramani yake na akaeleza kwa lugha aliyodhani wataielewa. Alisema hana neno baya juu ya mtu. Alisema waliolala Uwanjani ni hodari, na kwamba kosa, kama lipo, ni lake yeye kuwasifu kupita kiasi.

"Hawa si watu wa kukaa mahali pamoja," alisema. "Mmewalaza katika ardhi isiyoweza kumzuia mtu. Tangu siku ya mazishi wanatembea. Kila mvua inawashika mkono. Wengine wameshafika majini, na waliobaki wako njiani. Mkichimba kisima hapo, mtawakuta wote."

Wakili Sangoda akasimama. "Napinga. Wateja wangu hawapo hapa kujitetea."

"Lakini amewasifu," alisema mjumbe mmoja.

"Amewasifu kwa namna inayotia shaka."

Wakajadiliana kama sifa inaweza kutia shaka. Mjumbe mmoja alitaka kujua kama marehemu anayetembea bado ni marehemu au ni msafiri, na kama ni msafiri, je, ana haki ya kuombwa vibali. Mwingine alisema mgeni ametumia rangi nyekundu, ambayo ni ya furaha, kwa hiyo ni wazi anapendekeza Uwanja. Waziri Fumbwe akaomba nafasi. Alipoinuka, mashavu yake yalikuwa yamelowa machozi.

"Ndugu wajumbe," alisema, "mimi nimemwelewa mama huyu. Tumekuwa tukidhani wapendwa wetu wametuacha. Kumbe wametusogelea. Wako majini, wanatungoja. Kuna taifa gani jingine litakalopata bahati ya kunywa pamoja na marehemu wake?"

Ukumbi mzima ukasimama. Mikono ikanyooshwa, na hakuna aliyepinga. Kisima kitachimbwa katikati ya Uwanja wa Heshima, na mgeni ashukuriwe.

Siwema alikasirika. Hakuwa mtu wa kukasirika na hakujua afanyeje na hasira yake, kwa hiyo akaisema wazi. "Hayo maji ni sumu. Yameshaua mtoto wa Mwanuri, na mnajua. Yataua na wa pili."

Walimpeleka Nyumba ya Kimya kwa upole, wakimshika mkono kama mfiwa.

Ni nyumba safi yenye madirisha makubwa. Aliyemo haruhusiwi kusema, ila anayemtembelea anaruhusiwa. Waziri alikuja kumwambia kwamba uchimbaji unakwenda vizuri, ardhi haina kiburi hata kidogo. Wakili alikuja kumshauri apumzike. Siku nyingine alikuja Bi Kasole na wali na samaki wa kukaanga, akakaa akimtazama akila.

"Mwanuri amejifungua," alisema. "Mtoto wa kike. Analia vizuri, sauti yangu hiyo. Ziwa la mama linatoka, lakini si jingi."

Siwema akaacha kula.

"Nimewasifu wengi, mwanangu. Nilidhani nikiwasema vizuri watalala." Kisha akauliza kama anayeuliza bei ya kitu asichotaka kukinunua. "Ulisema wanatembea. Ni kweli wanatembea?"

Siwema akatikisa kichwa kukubali. Bi Kasole akakusanya vyombo vyake, akaondoka bila kuaga.

Siku ya kuzindua kisima Siwema alitolewa, akavishwa shada na kuketishwa mbele. Uwanja ulijaa. Kisima kilikuwa kimejengewa ukingo wa matofali yaliyopakwa chokaa, na kwenye meza yenye kitambaa palikuwa na kijiko cha fedha. Mwanuri aliketi karibu na meza, mtoto mapajani, amevaa ile khanga mpya. Hakumtazama mtu. Alikuwa ameufunika mdomo wa mtoto kwa kiganja, kama anayemkinga na vumbi, ingawa upepo haukuwapo.

Ndoo ya kwanza ikavutwa. Waziri akachota kijiko, akakiinua juu ili watu waone jinsi maji yalivyokuwa maangavu. Na yalikuwa maangavu kweli. Hilo ndilo jambo la kutisha katika maji ya namna hiyo. Akamwita msifu mkuu aje akisifu kisima kabla mtoto hajaonja.

Bi Kasole akaja mbele. Akaivua khanga ya mabegani na kuifunga kiunoni. Akachungulia kisimani. Kisha akaketi chini mchangani, akanyoosha miguu, akaweka mikono kichwani, akapiga ukemi wa msiba.

Waziri alibaki na kijiko hewani. Maana katika nchi ya Sitiri msifu mkuu ndiye anayejua nani amefariki, na akishalia, amefariki. Anayebisha atakuwa amewavunjia heshima wote wawili.

"Lakini kina maji," alinong'ona Waziri. "Wakili, kina maji. Mwambie."

Wakili Sangoda alikuwa ameshika kidevu. Aliipitia sheria yote kichwani, na uso wake ulionyesha kwamba haimfurahishi. Lakini alikuwa mtu wa kazi yake. Akasogea, akasimama kati ya Waziri na kisima, akafungua mikono.

"Kuanzia sasa huyu ni mteja wangu," alisema. "Asichotwe. Kumchota marehemu ni kumnyang'anya. Na hicho kijiko, Mheshimiwa, naomba ukimwage ndani. Ni sehemu ya maiti."

Waziri akakimwaga. Wanawake walikuwa wameshaanza kumwitikia Bi Kasole, mmoja baada ya mwingine, kilio kikatapakaa mpaka kwa wauza kahawa. Wanaume wakashika majembe. Mchanga ulikuwa mlaini, haukumchosha mtu, na jua lilikuwa bado kali walipomaliza kukijaza.

Matanga ya kisima yalikaliwa nyumbani kwa Bi Kasole. Waziri alikuja na sukari na mchele. Alikaa mkekani karibu na Siwema, akaeleza kwa masikitiko kwamba kwa mujibu wa sheria hakuna kuchimba tena Uwanjani wala popote linapoonekana kaburi hili, na kwa kuwa nchi ni tambarare, kaburi linaonekana kila mahali isipokuwa nyuma ya mwinuko wa Mabahili. Itabidi wachimbe huko. Itakuwa taabu kubwa, na aibu pia, kunywa katika ardhi yenye roho ya namna ile.

"Poleni sana," alisema Siwema.

"Tumeshapoa," alisema Waziri, akapangusa macho. Ramani ya Siwema, aliongeza, itazikwa kwa heshima zote upande wa mashariki, na desturi ya kuzika Uwanjani itaendelea, maana wapendwa hawana pengine pa kwenda. Siwema akafungua mdomo, akakumbuka ile nyumba yenye madirisha makubwa, akaufunga. Jambo hilo atalisema akishavuka mpaka, kwa yeyote atakayetaka kulisikia.

Mtoto hakuonjeshwa kitu. Kijiko chake kitangoja Mabahili, na maji ya kuogea na ya chai ya Mwanuri yalikuwa yakiletwa kwa punda kutoka chemchemi za mpakani, kwa kuwa nyumba yenye msiba haiulizwi inakunywa nini.

Siku ya kuvunja matanga watu walijaa hadi barabarani kusikia wasifu. Wengine walikuja na viti, maana wasifu wa Bi Kasole ulijulikana kwa urefu. Alisimama mlangoni. Hakujifunika kichwa kama kawaida yake.

"Alikuwa kisima mchanga," alisema. "Hakuishi. Hakumdhuru mtu."

Watu wakangoja. Bi Kasole aliwatazama, kisha akamtazama Mwanuri, aliyekuwa ameketi kwenye kizingiti na mtoto begani.

"Basi," alisema, akaketi.

Kulikuwa na manung'uniko ya chini, viti vikaanza kukunjwa. Siwema akasogea akainama amwone mtoto kabla ya safari. Alikuwa amelala, mdomo wazi, mate yakimtiririka begani kwa mama yake. Siwema alimtazama kwa muda mrefu, kucha kwanza, kisha midomo. Ilikuwa na rangi ya midomo.